Risasi Isiyo na Ganda: Maisha ya Vinzenz Kirchmair wa Oberleiten, 1936–2008

Baba Padre, jirani zetu wa Oberleiten, wawindaji mliokuja na sare zenu, na wewe mjomba Rupert uliyeketi kule nyuma karibu na mlango, haya yanayosomwa yameandikwa na mjane, Bi. Notburga, ambaye ameyakabidhi kwa binti yake Walburga ayasome kwa sharti kwamba asipunguze neno hata moja.

Marehemu Vinzenz Kirchmair alizaliwa tarehe 9 Februari 1936 katika shamba la ng'ombe la Oberleiten, juu ya bonde la mto Inn, hapa Tirol. Baba yake alichukuliwa vitani mwaka 1941, na baadaye zikaja nyumbani barua tatu za kutangaza kifo chake, kila moja ikitaja mji tofauti, na mama mtu akazikataa zote tatu, hivyo marehemu alikua akijua kwamba karatasi yenye mhuri inaweza kusema uongo.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1942 hadi 1950, kisha akajifunza kazi kwa fundi bunduki Meinrad Steinlechner, mjini Schwaz, akapata cheti mwaka 1954, na mwaka huo huo akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha bunduki za kuwindia kule bondeni, alikodumu miaka ishirini na minne. Aliondoka kiwandani tarehe 30 Juni 1978, kwa sababu alikuwa akiweka unywele katikati ya michoro yake kabla ya kwenda kula, ili ajue kama kuna aliyeichungulia, na akirudi anaukuta umeanguka, naye hakukubali kamwe kwamba huenda ni upepo.

Alifunga ndoa na Bi. Notburga Lanzinger tarehe 25 Mei 1963 katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Walburga mwaka 1964 na Gebhard mwaka 1967.

Mwaka 1979 alifungua karakana nyuma ya nyumba, pamoja na shemeji yake Rupert, kaka wa Bi. Notburga, aliyekuwa fundi umeme wa magari ya kamba, yale yanayoning'inia kwenye nyaya za chuma kupandisha watu mlimani. Walitaka kutengeneza risasi isiyo na ganda la shaba, yaani baruti yenyewe igandishwe iwe ngumu kama kipande cha sabuni, ibandikwe nyuma ya risasi, na badala ya pini kugonga fataki, umeme wa betri iliyofichwa ndani ya kitako uiwashe mara tu kidole kinapogusa kifyatulio, ili mwindaji asitikisike na mnyama asiteseke. Baruti ilikuwa ya Vinzenz, nyaya zilikuwa za Rupert, na kwa miaka mitano wanaume hao wawili walicheka pamoja kila baruti ilipomeguka mkononi kama biskuti, au iliponyonya unyevu na kukataa kuwaka.

Hata hivyo marehemu aliipima baruti kila jioni kabla ya kufunga mlango, na Rupert alipomuuliza, "Shemeji, unanipima mimi au baruti?" alijibu, "Vyote viwili," akacheka, lakini mizani hakuiondoa.

Tarehe 12 Oktoba 1984 alifika mgeni aliyejitambulisha kuwa mwindaji kutoka nje ya nchi, mwenye viatu visivyowahi kukanyaga tope, akakaribishwa jikoni, na Bi. Notburga akiwa anammiminia kahawa alimsikia akiuliza swali moja tu, "Kwa hiyo ukishapiga, hakuna kinachobaki chini?" Marehemu alijibu kwa fahari kwamba hakuna, hata punje. Mgeni akasema, "Basi nitarudi, mzee wangu," na siku tatu baadaye ukurasa wa daftari la karakana wenye kipimo cha fataki ya umeme na rangi ya kuikinga haukuwepo, umechanwa kwa uangalifu karibu na uzi wa mshono.

Marehemu alimshuku mgeni, akamshuku mbeba barua, akampekua Gebhard mkoba wa shule, na mwisho shuku zake zote zikatua kwa Rupert, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na ufunguo wa pili. Rupert alisema, "Nipekue na mimi, Vinzenz, halafu tuendelee na kazi," naye akampekua kweli, hadi kwenye kopo la chakula, mbele ya dada yake, na hakukuta kitu ila mkate na nyama iliyokaushwa.

Waliendelea na kazi kwa kipimo kilichokumbukwa kichwani. Tarehe 6 Machi 1985, saa nne asubuhi, Rupert alipokuwa akifunga komeo la bunduki ya majaribio, kidole chake hakijagusa kifyatulio, risasi ililipuka yenyewe, ikamkata vidole viwili vya mkono wa kulia, na hakuweza tena kupanda nguzo za magari ya kamba. Marehemu alitangaza kijijini kwamba mtu aliyeuza siri ndiye aliyeharibu nyaya ili kazi isiendelee. Jina hakulitaja, na hakuna aliyehitaji kulisikia. Polisi walikuja mara mbili, hawakupata la kumshtaki yeyote, na miaka ishirini na mitatu ikapita wanaume hao wakipishana mlangoni mwa kanisa hili kama watu wasiojuana.

Bunduki ilikamilika mwaka 1990, ikapiga vizuri mno, na wawindaji wengi wenu mliijaribu, mkaisifu, mkairudisha, mmoja wenu akisema, "Leo inataka betri, kesho itataka plagi msituni." Zilitengenezwa kumi na nane tu.

Alianza kuugua mapafu mwezi Januari 2007, akatibiwa hospitalini Innsbruck, na hata wodini aliwauliza wauguzi ni nani aliyeviandika vidonge vyake.

Jumapili ya tarehe 19 Oktoba mwaka huu, Bi. Notburga alifunga mlango wa wodi, akamweleza kwamba ukurasa ule aliuchana yeye, akauchoma katika jiko la kupikia, kwa sababu aliyaona macho ya mgeni yule na akajua kwamba anayefurahia risasi isiyoacha alama si mwindaji wa paa, na kwamba ndugu yake alipokatwa vidole alishindwa kusema, maana kipimo kilichokosekana alikuwa amekiunguza yeye.

Marehemu akasema, "Najua, Burgi. Pembe ya karatasi ilibaki kwenye majivu, niliiona asubuhi moja."

Mkewe alimuuliza kwa nini basi alimpekua Rupert. "Wakati ule nilikuwa sijaiona," alisema. Akamuuliza kwa nini baadaye akanyamaza, naye alijibu kwamba ile fataki aliichanganya kwa kubahatisha, aliona kuwa inawaka kwa umeme mdogo mno unaovuja tu komeo likifungwa, akampa Rupert hivyo hivyo kwa sababu aliogopa kuwahiwa na wengine, "na mtu akiwa mwizi, hakuna anayemuuliza aliyempa bunduki." Alifariki tarehe 3 Novemba, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sabini na miwili.

Kwa hiyo familia inatamka mbele yenu mliokuwa mkinong'ona, kwamba Rupert Lanzinger hakuuza kitu, hakuharibu kitu, na waliomwacha abebe jambo hili walikuwa wawili, mmoja yumo humu jenezani na mwingine ameketi kiti cha mbele.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Innsbruck waliovumilia maswali yake, majirani waliokamua ng'ombe wetu wiki hizi mbili, mafundi wenzake wa zamani, na wawindaji waliobeba jeneza.

Baba, lala kwa amani. Mjomba Rupert, mama ameacha nafasi kando yake mezani, naye anakuomba usiondoke kabla ya chakula.