Miti Kumi na Mbili ya Mwalimu Nephtali

Bandugu, barafiki, na ninyi mulikuja ju ya sahani tu, mukae, munisikilize. Tonton Augustin ndiye familia ilichagua asome haya, lakini nilimukuta anafuta mistari ya batoto na ya miti yao, ati itatupatisha haya mbele ya wageni, donc nikamunyanganya karatasi, mimi yaya, ndugu mukubwa wa marehemu, hata kama nilisoma mpaka kilasi ya ine tu.

Leki yangu, mudogo wangu Nephtali Lokinda, alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1961, hapa Kisangani, mu familia ya bavuvi ba maporomoko, akapata diplome yake mwaka 1982, akaanza kufundisha mazoezi ya mwili mu masomo, shule moja ya mutaa wa Kabondo, tarehe 5 mwezi wa tisa 1983. Tarehe 9 mwezi wa nane 1986 akaoa Mama Aimée, ambaye, tuseme kweli, alikuwa anamukimbia miaka miwili, bakazaa Bijou mwaka 1988, na Osée tarehe 2 mwezi wa tano 1994.

Osée akili yake ilikuja na mwendo wa polepole, ukimutuma vitu viwili anarudia mulangoni kuuliza cha kwanza, na majirani bakasema ni bulozi, ni uchawi, Mama Julie ndiye alitangulia kusema, uko pale, mama, usiiname. Nephtali hakubishana, alienda ku maporomoko, akaomba bavuvi miti kumi na mbili, akailaza mu parcelle yake, kiwanja cha nyumba, namna bavuvi banapita juu ya miti yao, mmoja kisha mwengine, mutoto aruke wa kwanza, aguse wa tatu, arudi ku wa pili, aseme ni gani inafuata, kesho yake anageuza zamu zote, kila asubui, jasho mpaka ku kidevu. Miezi munane Osée alikuwa anakosea. Mwezi wa tisa akatumwa chumvi, mafuta na sabuni, akarudi na vyote vitatu, na salamu ya muuzaji juu yake.

Hapo batoto bengine tisa ba namna yake bakaletwa, na Nephtali akabapeleka na mazoezi yao mpaka ku masomo, lakini direkta akasema mutoto asiyejua kuandika hana saa ya kuruka, akabakalisha ku banc, na mwaka 2019 akafuta kipindi cha mazoezi kabisa. Nephtali akaandika barua saba, hakuna hata moja ilijibiwa, akarudisha mazoezi ku parcelle, na bazazi bengine bakaanza kufungia batoto mu chumba wageni bakifika. Ile ilimuumiza kupita tansio, ule ugonjwa wake wa presha.

Tansio yenyewe ilimuangusha tarehe 21 mwezi wa tano mwaka huu 2025, akalala hospitali siku kumi na tatu, akatuacha siku ya mbili, Jumanne, tarehe 3 mwezi wa sita, saa tatu ya asubui.

Sasa nasema ile Augustin alifuta. Juzi kuni za matanga zilikwisha, bajamaa bakaona miti imelala mu parcelle, bakapasua yote kumi na mbili, bakapika pondu, mboga ya majani ya muhogo, tukakula wote, mimi nikaomba hata nyongeza, Mungu anisamehe. Leo asubui Chimène, mwanafunzi wake wa miaka kumi na mbili, akafika saa yake ya kila siku, akasimama mu majivu, akaniuliza kama mujukuu, koko, tunaanzia wapi?

Tunashukuru banganga na bainfirmier, bauguzi ba hospitali, walimulinda, tunashukuru walimu wenzake, na majirani walilia, hata wale walilia kupita namna walimusaidia. Lakini asante haifundishe mutoto. Kesho kutwa, siku ya kwanza, Jumatatu, saa kumi na mbili ya asubui, kila nyumba ilikula ile pondu ilete muti moja mugumu, Augustin alete miwili, na Mama Julie alete pia mujukuu wake anamufungia mu chumba, tunajua wote.

Nephtali, leki yangu, pumuzika kwa amani, Osée anajua kila muti unalala fasi gani.