Aliyekuja na Sabuni Yake

Mfuniko wa birika ulikuwa bado unacheza jikoni nilipotoka kuwahi basi la kwanza. Ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, binti mwenye Biblia mapajani alikuwa akimlalamikia mzee fundi viatu aliyeketi naye.

"Babu, nikimtaja Yesu kule kiwandani wananicheka. Mimi basi, sisemi tena."

"Enzi za ujana wangu, mjukuu wangu, nami nilimcheka kijana mmoja aliyenihubiria hadi akaondoka. Kesho yake akanikuta nina homa. Hakuhubiri. Alinifulia mashuka, tena kwa sabuni yake!"

Sabuni hiyo ilinigusa hata mimi, mdukuzi wa mazungumzo yao.

"Ukaokoka siku hiyo?" binti akauliza.

"Wapi! Kwa ukaidi ule?" Basi likasimama, mzee akainuka taratibu. "Nilimwambia tu, 'Kesho upite tena.'"