Duara Mbili za Gajah Berang

Kwenye benchi la duka la kahawa, kona ya Gajah Berang mjini Melaka, Malaysia, kahawa nzito ya maziwa ya kopo ilikuwa inapoa bila kunywewa. Ugomvi ulikuwa mkubwa. Msichana wa chuo kikuu alikuwa amepita akipima Wachitty, kizazi cha wafanyabiashara Watamil waliooa Wamalei zamani, wanavyojiona ni wamoja. Kwenye simu aliwaonyesha picha za duara mbili: hii wewe, hii watu wako, chagua zinavyokaribiana. Wazee wote wa kijiwe walichagua zilizopandiana. Letchumanan peke yake akachagua zilizoachana kabisa. Wanamwita Tingatinga, tangu siku aliposimama mbele ya mashine iliyokuja kuchimba uwanja wa hekalu lao.

Redio, msemaji wa kijiwe, akawaka.

— Umetuaibisha, Tinga! Ataandika hatupendani.

— Aandike. Nimedanganya?

— Damu nzito kuliko maji, bwana!

— Ndiyo maana haitiririki. Siku ile ya mashine, yenu iliganda majumbani.

Chumvi, fundi cherehani mstaafu, akagonga meza.

— Hamuoni mbali nyie. Duara zile zinakwenda serikalini! Zikiachana tunafutwa, tunaandikwa Watamil tu.

— Watamil nao watatukataa, — Redio akadakia. — Tunamwomba Shiva kwa Kimalei!

— Basi hekalu litakuwa hoteli, makaburi yawe bwawa la kuogelea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Mkuu yupi? — Tingatinga akafoka. — Niliwaita nyumba kwa nyumba. Kwako Chumvi niliona pazia likicheza, mlango haukufunguka. Nilisimama pale kama mwendawazimu, nageuka nyuma, hakuna mtu! Leo mnakumbatiana kwenye simu, kwa kidole?

Redio akakoroga kahawa iliyopoa. Tingatinga akatazama barabarani wasimwone macho.

Ndipo akafika Kasturi, bibi harusi wa juzi kutoka Johor, aliyeolewa na mpwa wa Redio.

— Samahanini wazee. Kesho ni Parchu, marehemu wetu wanaandaliwa chakula, na Bibi Meenachi, mpishi wetu, anaumwa. Nani anakuja kutusaidia kukuna nazi na kupika?

Redio akachungulia kikombe chake. Chumvi akaanza kusugua goti.

Tingatinga akainuka, akakaza kikoi chake.

— Nazi ziko wapi?

— Uani, mjomba. Kumbe hujanuna? Nilisikia kelele tangu kule.

— Nimenuna sana. Twende.