Beseni Halikai na Vikombe

Ndugu waombolezaji, Dušan, mwana wa marehemu, ameniomba nisome mimi, Renáta Čonková, maana marehemu aliacha agizo: "Asome Renáta, na kosa langu alisome, asije akaliruka."

Dokta Vlasta Kundrátová alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 mjini Bardejov, Slovakia, binti wa fundi viatu, akasoma hapo, kisha akahitimu saikolojia Bratislava mwaka 1961, akaajiriwa Prešov kupima akili za watoto wanaoanza shule. Mwaka 1963 aliolewa na Imrich, aliyemtania, "Mke wangu, usije ukampima na mbuzi wetu, akatushinda wote," wakajaliwa Dušan mwaka 1966.

Tarehe 9 Septemba 1974 nililetwa mbele yake, nina miaka sita, akanipangia kadi za kikombe, sufuria, beseni na kiatu, nitoe kisichohusika, nami nikatoa kiatu na beseni, maana kwetu sisi Waroma, mnaotuita Wajipsi, beseni la kuogea halikai na vyombo vya kulia hata kwa dawa. Kitabu chake cha majibu kilitaka kiatu tu. Kwa sifuri za namna hiyo nilipelekwa shule ya wenye akili pungufu, nikakaa miaka minne nikihesabu vifungo, na hadi leo inaniuma.

Mwaka 1978 alikuja kwetu kumpima mdogo wangu, akanawa mikono katika beseni la vyombo, bibi yangu akamaka, "Ala! Msomi mzima, hukufundwa?" akalitupa nje. Marehemu akanigeukia, mikono ikichuruzika maji, akauliza, "Kumbe siku ile ya kadi ulijua?" Nikamjibu, "Mbona hukuniuliza?" Mwezi huohuo alinirudisha shule ya kawaida, akawaandikia wakubwa wake kwamba kile kipimo kilipima jiko la aliyekitunga, wala si akili yangu, akanyimwa cheo, hakujali.

Tangu hapo, kila tarehe 9 Septemba, aliniuliza kama nimemsamehe, nami nikawa nabadilisha mazungumzo.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2018, nikamuuguza mwenyewe, kwani uuguzi ndiyo kazi yangu. Asubuhi ya tarehe 2 Februari 2019, kwa haraka zangu, niliweka beseni la kumwogeshea mezani, akasema, "Renáta, umepitiwa, hapo pana kikombe." Nikalitoa mbio, nikarudi nimwambie neno alilolingoja miaka arobaini, nikamkuta ameshakata roho.

Familia inawashukuru madaktari, majirani walioleta supu ya kabichi bila kuchoka, na wafanyakazi wenzake wa zamani.

Nimekusamehe, mama, nasema mbele ya watu wote hawa. Pumzika kwa amani.