Wakati Wowote ni Saa Ngapi?

Nje ya kibanda cha Kinyozi, pale njia ya mashine ya kusaga inapokutana na njia ya zahanati, pana benchi lililobeba makalio mengi kuliko treni. Mguu wake mmoja ni tofali. Mama Kahawa akishatua birika lake hapo asubuhi, ndani ya dakika tano matatizo ya dunia nzima yamekwisha, yamebaki ya kijijini tu. Breki hakosi, dereva aliyestaafishwa na lori lenyewe. Profesa hakosi, yule aliyeacha shule darasa la saba kwa sababu, anasema, walimu walikuwa wanamkopia. Na Kinyozi ndiye mwenye benchi, kitana mkononi, mteja hana. Lakini asubuhi hiyo Kinyozi hakucheka hata mara moja, na kwake hiyo ni homa kali. Fundi cherehani alikuwa ameondoka hapo sasa hivi, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni, macho mekundu.

— Mmemsikia, alisema Kinyozi. Kaka yake anafunga sanduku. Anapanda basi la saa nne na dakika tano.

— Kamili anaondoka? alishtuka Mama Kahawa. Hata mwezi hajamaliza!

— Siku ishirini na tatu, kazihesabu mwenyewe. Na huko mjini chumba alishakirudisha. Hana wa kumfungulia mlango.

Walimwita Kamili kwa kuwa miaka thelathini na nane aliandika saa za treni kwenye ubao wa stesheni, na mpaka leo hajawahi kufika mahali na dakika pembeni.

— Kwani yule fundi, dada mtu, kasema anaumwa nini? aliuliza Breki.

— Haumwi. Ana usonji. Kazaliwa nao, ila daktari kaja kumwambia uzeeni. Yeye akisema kitu, anamaanisha. Na wewe ukisema, anaamini unamaanisha.

Breki akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa kina bomu.

— Anaamini? Kila kitu?

— Kila kitu.

— Mungu wangu! Na mimi nilimwambia chatu alimeza lori langu!

— Akakuuliza namba ya lori.

— Nikampa!

— Akaenda gereji kupima upana wa lori, akarudi kukuuliza mdomo wa chatu ulikuwa mita ngapi.

— Tangu siku hiyo silali, alisema Breki kwa uchungu. Chatu wangu miaka ishirini alikuwa mzima kabisa. Sasa nikianza kumsimulia, naliona lori limekwama kwenye meno.

Profesa alikohoa kikohozi chake cha chuo kikuu.

— Jamani, yule hakustaafu, yule katumwa. Nilimsalimia, "habari za nyumbani?" Akanijibu dakika kumi na moja! Bomba linavuja tone moja kila sekunde nne. Kuku mwekundu kagoma kutaga. Kitasa cha choo kinahitaji grisi. Sasa niambieni, mtu mwema anajibu salamu?

— Mpelelezi, alisema Breki.

— Mpelelezi anauliza, hajibu! Huyu ni mpelelezi wa kinyumenyume. Anakumiminia habari zake mpaka kichwa kinafurika, zako zinamwagika zenyewe, anaokota. Na vile vitu anavyovaa masikioni ni antena.

— Ni vya kuzuia kelele, alisema Mama Kahawa. Mashine ya kusaga inamchoma masikio.

— Ndivyo wanavyojitetea wote wenye antena.

— Mimi nasema saa zinamfuata yeye, alidakia Breki. Juzi alipita zahanati, jogoo alikuwa hajawika. Alipomwona, akawika mara tatu kufidia!

— Basi tumekwisha, alisema Profesa, jasho likimtoka. Akipanda basi, saa kumi na mbili ya jioni inapanda naye. Jua la hapa litatua saa ngapi? Tutakaa na mchana wiki nzima. Kuku watakufa kwa kukosa usingizi!

— Mimi ndiye niliyemfukuza, alisema Kinyozi.

Benchi zima likamgeukia.

— Siku aliyofika nilimwambia, "Mzee wangu, hapa ni kwako, karibu wakati wowote."

— Si adabu hiyo? Tunasema sote.

— Akaja. Saa kumi na moja alfajiri, na kiti chake.

— Ukafanyaje?

— Nikaita kutoka ndani: "Hayupo!"

— Kwa sauti yako?

— Nilikuwa na sauti ya nani nyingine? Akasimama kidogo, akauliza, "Anarudi saa ngapi?" Nikamjibu, "Sijui, hajaniaga."

Wenzake walicheka mpaka benchi likateleza kwenye tofali. Kinyozi akakitazama kitana chake.

— Hajakanyaga tena hapa. Anamwambia dada yake, huku watu wanakukaribisha, halafu hawapo.

Saa nne kamili, Kamili huyo hapo, sanduku mkononi, vizuia kelele masikioni. Alivisogeza kidogo.

— Shikamoo mzee! waliimba wote.

— Marahaba. Nimekuja kuaga. Kuna kitu kimoja sikukielewa, na nisipokielewa nitakifikiria njia nzima. Wakati wowote ni saa ngapi?

Profesa, mdomo ule ulioshaeleza mwezi, bei ya saruji na siri za marais, akaupangusa kwa kiganja. Breki akakanyaga pedeli isiyokuwepo. Mama Kahawa akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Kule mbele vumbi la basi likaanza kuinuka.

"Ah, mzee wangu, wakati wowote tu!" Maneno yalishajipanga kwenye ulimi wa Kinyozi. Akayameza, yakashuka kama mfupa. Kwa mara ya kwanza maishani akafikiria anamtaka mgeni lini hasa.

— Saa kumi na moja jioni, alisema. Mashine inazimwa kumi na nusu. Kaa ile kona ya ukutani, hakuna atakayekugusa bega. Kila siku, ila Jumapili hapana, nalala. Na ile alfajiri nilikuwepo, mzee. Nilidanganya.

— Najua. Niliona miguu yako chini ya pazia. Nilidhani ndiyo desturi ya huku.

Akatoa daftari na penseli.

— Kumi na moja mpaka saa ngapi?

— Mpaka... kumi na mbili na nusu.

— Dakika tisini. Zinatosha.

Basi likafika, likapiga honi, likaondoka. Kamili hakulipungia. Alitazama saa yake.

— Limechelewa dakika tatu. Hilo ningeliandika kwa chaki nyekundu.

Akainua sanduku kurudi kwa dada yake. Hatua mbili, akageuka, penseli bado iko juu ya daftari, akawaangalia Breki na Profesa.

— Na hawa, wao wanaondoka saa ngapi?

Breki akatazama mawingu. Profesa akatazama ndani ya kikombe. Mama Kahawa akaliinamisha birika, likakoroma hewa tupu. Naye Kinyozi, aliyelitafuta swali hilo miaka kumi na tisa bila kulipata, akaanza kukung'uta nguo ya kunyolea, polepole sana, akisubiri jibu.