Mama Msumari na Ukuta Wake

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Punguzeni moto jikoni, sogezeni kiti karibu na redio. Na wewe baba unayejifanya unasoma gazeti, likunje. Leo tunamkumbuka mama aliyetutoka wiki iliyopita. Alikuwa mke wa mchungaji. Watu wa kanisani walimwita Mama Mchungaji. Majirani zake wa mwisho walimwita Mama Msumari. Ni mtu yule yule mmoja, msije mkalia mara mbili.

Halafu, leso zirudi mfukoni kwanza. Binti yake mkubwa, yule mshonaji, ametuagiza hivi: "Mkiwaliza watu, mama atawafuata ndotoni." Sisi hatutaki kufuatwa.

Baba yake alikuwa seremala. Siku ya harusi wageni walileta masufuria na mashuka. Yeye akamletea binti yake nyundo, imefungwa utepe. Akamwambia, "Mwanangu, mume akikuudhi usimguse nayo. Ni ya misumari tu." Watu wakacheka. Bibi harusi akaikumbatia nyundo ile kuliko maua.

Sasa sikilizeni mkosi wake. Aliolewa na mchungaji, na mchungaji hukaa nyumba ya kanisa. Nyumba ya kanisa, wasikilizaji wapendwa, haitobolewi ukuta. Kila walikohamishiwa aliuliza, akakuta sheria ni ile ile. Funguo huku, sheria huku. Msumari hapana.

Basi vitu vyake vyote vilikaa vimeegemea au vimelala. Picha ya harusi iliegemea kabati. Kioo kiliegemea ndoo, ukitaka kuchana nywele unapiga magoti. Joho la mchungaji lilikaa mgongoni mwa kiti. Likashika umbo la kiti. Jumapili alipopanda kuhubiri, ungedhani amelibeba na kiti chenyewe. Mama alipiga pasi mpaka mkono ukachoka, na alama ile ikarudi palepale.

Na saa je? Kila kanisa lililowaaga liliwapa saa ya ukutani. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mahubiri ya mchungaji yalikuwa marefu. Saa za ukutani, na ukuta hawana! Zikakaa kwenye sanduku chini ya kitanda, zikigonga tiki tiki kama panya wana kikao.

Kanisa lao la mwisho lilikuwa na mwenyekiti wa wazee aliyeitwa Mzee Rangi. Ni fundi wa kupaka rangi, na kuta za nyumba ile alizipaka yeye. Alikuwa akija kusalimia, lakini macho yake yanasalimia kuta. Siku moja akamkuta mama ameshika nyundo.

"Mama Mchungaji, tunafanya nini na hiyo?"

"Ninaifuta vumbi, mwenyekiti."

"Ifutie nje."

Ndivyo walivyoishi, kwa heshima na kwa kuviziana.

Miaka ikapita. Mchungaji akakaribia kustaafu. Wakajenga nyumba yao, ndogo, chumba kimoja kwa wakati, kama mtu anavyofuma sweta. Mama alikwenda kuitazama ikiwa bado haina hata madirisha. Akauweka mkono kwenye ukuta wa sebuleni, kama anavyoshikwa paji la uso mtoto mwenye homa. Binti yake alikuwepo, akamsikia akisema, "Ningoje. Nakuja."

Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: mama huyu alikuwa na nyundo tangu siku ya harusi, na hakuwahi kupiga msumari mmoja kwenye nyumba aliyolala. Alichotaka ni ukuta wake.

Siku ya kuagwa ikafika. Ilipangwa siku moja na kupokewa kwa mchungaji mpya, kijana, na mkewe na kichanga chao. Malori mawili yakasimama nje ya nyumba, moja nyuma ya lingine. Moja la kupakia, moja la kushusha. Ndani ya kanisa hotuba zikaanza, na hotuba za kuaga mnazijua. Anayesema "kwa ufupi" ndiye wa kumkalia mkao wa kulala.

Mzee Rangi akasimama. Akasifu, akashukuru, akafuta macho. Kisha akatoa lake la moyoni.

"Mchungaji, huyu aliyekuja ni kijana. Tunakuomba ubaki naye mwaka mmoja umlee. Chumba cha nyuma kipo. Nimekipaka rangi."

Kanisa likapiga makofi. Mama akahisi nyundo inamchoma mkobani. Chumba cha nyuma! Mwaka mmoja, halafu mwingine, halafu anatolewa kwa jeneza. Akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja tu: neno "hapana" lilikuwa halimtoki kinywani. Aliwahi kukubali kufungisha harusi mbili kwa saa moja, katika makanisa mawili.

"Tutaliombea," akasema mchungaji. Mkewe alijua maana yake. Maana yake ni ndiyo.

Wakati huohuo huko nje mambo yalikuwa yanajipika. Dereva wa lori la wageni alikuwa na haraka zake. Akashusha kila kitu uani, akawasha gari akaondoka. Vijana waliopewa kazi ya kumpakilia mchungaji mzee wakakuta vitu vimetandazwa uani. Makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufumwa. Chupa za chai. Saa ya ukutani. Wakajua ndivyo vya kupakia, wakapakia. Nao kina mama wa kwaya wakatokea mlango wa pembeni wakiimba, wamekuja kumpokea mchungaji mpya. Wakaona barazani makochi yenye vitambaa vyeupe, yale ya mchungaji mzee yaliyokuwa yakingoja lori, wakajua ni ya mgeni. Wakabeba vyote, wakavirudisha ndani vilikotoka, na vigelegele juu.

Msiwacheke sana. Vitu vya wachungaji vinafanana kama sare za shule, kwa sababu wanaotoa zawadi ni walewale na fikra ni zilezile.

Watu walipotoka kanisani, mke wa mchungaji mpya akamvuta mama kando, kichanga begani.

"Shikamoo mama. Samahani, kile kitanda cha mtoto kwenye lori lenu... ni chetu."

"Marahaba mwanangu. Na hayo makochi yanayoingia ndani na nyimbo ni yangu."

Wakatazamana. Wakacheka mpaka kichanga kikaamka.

Mzee Rangi hakucheka. Aliona mlango umefunguka. "Mnaona!" akasema kwa sauti. "Hata vitu vimekataa kuondoka!"

Mchungaji akavua miwani, akaifuta. "Mama Watoto," akasema polepole, "labda ni Mungu anasema nasi."

"Baba Watoto, miaka yote hii Mungu amesema nawe kwa Neno. Leo ndio ameanza kutumia makochi?"

Watu wakaangua kicheko. Lakini mama hakuwa anatania, na mumewe aliliona hilo. Mama akaenda kwenye lori, akapanda mbele, akakaa karibu na dereva, mkoba mapajani.

"Mama, tuanze kushusha tupakie upya?" dereva akauliza.

"Washa gari, baba."

"Lakini vitu si vyenu!"

"Vitarudi. Vitu vinajua kurudi, umeviona. Mimi nikishuka hapa, sirudi kupanda."

Kisha akatoa kichwa dirishani. "Baba Watoto! Mimi nimeshahama. Wewe je?"

Hata kwaya ikasahau ubeti. Mchungaji akamtazama Mzee Rangi, akatazama chumba cha nyuma chenye rangi mpya, akamtazama mkewe. Alikuwa bado na joho mwilini, na mgongoni ile alama ya kiti.

"Mwenyekiti," akasema, "nakushukuru. Hapana."

Binti yake alikuwepo. Anasema, "Baba alilitamka kama mtu anayeonja chai ya moto." Akapanda. Kanisa likalia na kucheka kwa pamoja, kwaya ikaokota wimbo ilipouangusha, na lori likaondoka na kitanda cha mtoto kinayumba juu kama mfalme.

Wakafika jioni kwenye nyumba yao na mali ya watu wengine. Vyao wenyewe walikuwa na viwili tu: nyundo na joho. Kabla kochi halijashushwa, mama akaingia sebuleni, akatoa msumari mkobani. Akaupiga. Mara ya kwanza ukapinda. Akaunyoosha, akaupiga tena. Ukaingia.

"Unataka kutundika nini?" mumewe akauliza. "Hatuna kitu."

"Vua hilo joho, mzee. Umestaafu."

Akalitundika. Wakasimama wakilitazama kama watu waliofikiwa na mgeni.

Kesho yake vitu vikabadilishwa, kila mtu akapata chake. Baadaye Mzee Rangi mwenyewe akaja na ndoo zake, kinyongo kimekwisha. Amekuja leo hapa kituoni, anasema: "Nilimpakia rangi ukuta wote wa sebule bila kumtoza. Nilipoosha brashi tu nikasikia ko ko ko. Rangi mbichi! Nikamwambia, mama, subiri ikauke. Akaniambia, mwenyekiti, nimesubiri sana."

Akapiga misumari mpaka wajukuu wakaanza kuhesabu badala ya kwenda kucheza. Saa zote zikapanda ukutani, na hakuna mbili zilizokubaliana. Misumari mingine haikubeba kitu. Alisema hiyo ni ya wageni, na kweli, ukifika kwake kofia yako ilikuwa na pa kukaa.

Wiki iliyopita mama huyu alilala mchana, nyumbani kwake, na hakuamka. Baada ya maziko, watoto walikaa sebuleni wakiwaza kung'oa misumari, ukuta uzibwe, upakwe upya. Wakamwita Mzee Rangi atoe ushauri. Akasimama mbele ya ukuta ule, yeye mlinzi wa kuta. Akavua kofia yake, akaitundika kwenye msumari mtupu.

"Atakayeng'oa hata mmoja," akasema, "aje kwanza anioneshe kibali."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mchungaji, ambaye tunajua anatusikiliza sasa, chini ya joho lake. Pole kwa watoto, wajukuu, na kile kichanga cha siku ile, ambacho leo ni binti mkubwa na hupita pale kutundika mkoba wake. Mungu amlaze mama mahali pema.

Nasi tuliobaki, jioni ya leo tutazame kuta zetu. Kuna kitu gani tumekiegemeza miaka yote, tukingoja? Kitundike. Na kama nyumba si yako, muulize kwanza mwenyewe. Mama Msumari aliuliza karibu maisha yake yote, kisha siku moja akapanda lori.