Laki Moja ya Kwenye Simu

Umdurman, Sudan, mtaa wa Thaura, kwenye ukuta wa shule iliyofungwa, kuna benchi linalobeba wachumi wazito kuliko mbao zake. Awadiya huchemsha hapo kahawa ya tangawizi kila asubuhi, na kila asubuhi mabwana hawa huiokoa nchi. Gavana alikuwa tarishi wa benki, basi anaongea utadhani ndiye aliyekuwa akitia saini kwenye noti. Setilaiti tumempa jina hilo kwa kuwa hakuna jambo asiloliona kutoka juu. Noti ndiye pekee mwenye kazi. Tangu vita vikaushe mabenki, watu wanamtumia pesa kwa simu, naye anawapa za karatasi. Ukimtumia mia, anakupa themanini. Mimi nami nipo, nakunywa tu, na sijifanyi bora kuliko wao.

GAVANA: Pesa ya simu ndiyo iliyotuliza uchumi! Isiyoshikika haiibiwi, isiyoibiwa haiporomoki. Akiba haiozi.

SETILAITI: Haiozi, inanyauka. Mkate wa juzi na wa leo bei moja?

GAVANA: Huo mkate, bwana. Mimi nazungumzia uchumi.

NOTI: Mpe dozi, Gavana!

SETILAITI: Hamjui kitu nyinyi. Pesa ikipaa kwenye setilaiti inakuta baridi kali. Inajikunja. Ikirudi chini imepungua.

GAVANA: Toka hapa! Na zile sarafu za kompyuta je?

SETILAITI: Zile hazishuki kabisa. Kwani hujasikia bei yake iko juu?

NOTI: Mficha uchi hazai.

AWADIYA: We, hiyo imeingiaje hapa?

NOTI: Methali inaingia popote, dada.

Tukacheka kama wajinga, na ndivyo tulivyo. Hapo akaja mama mmoja mwembamba, simu mkononi. Ni Mwalimu Ihsan, aliyewafundisha hesabu nusu ya mtaa, ingawa benchini hakuwahi kukanyaga.

IHSAN: Asalaam aleikum. Mwanangu wa Jidda kanitumia laki moja. Insulini yangu ya mwezi ni elfu tisini, na duka la dawa linataka karatasi tu. Jana sikuchoma, na leo bado. Noti, nisaidie.

NOTI: Karibu, mwalimu wangu. Tuma laki, ushike elfu themanini.

Akabonyeza polepole. Simu ya Noti ikalia.

IHSAN: Kwako imeingia ngapi?

NOTI: Laki kamili. Hii hapa.

IHSAN: Basi elfu ishirini imekwenda wapi?

Gavana akachungulia ndani ya kikombe. Setilaiti akatazama mbinguni, lakini hata yeye aliona haya kumtajia mwalimu baridi.

NOTI: Ndiyo hali ya soko, mama. Haba na haba hujaza kibaba.

IHSAN: Kibaba cha nani, mwanangu?

Noti alilamba kidole gumba akahesabu themanini, wala hakukosea. Mfukoni nilikuwa na elfu thelathini za karatasi. Elfu kumi tu zilitosha, na nikatazama ukuta. Nilijichukia, lakini sikunyanyua mkono.

Awadiya alifungua fundo kwenye pindo la mtandio, akatoa elfu kumi, akamfumba mwalimu kiganja. Halafu akamwaga maji kwenye makaa.

— Ondokeni. Kahawa imekwisha.

Birika lilikuwa limejaa.